Chatu Aliyewekwa kwa Rafiki

Sehemu ya Tisa: Mayai Yanapasuka

Kahawia.

Kichwa kilichochungulia kwenye ufa wa yai, kichwa ambacho Nahashon alikingojea tangu theluji ya kwanza kuanguka, kilikuwa cha kahawia. Kahawia ya kawaida, kama ganda la muhogo.

"Bado," Moez akasema haraka. "Huyo ni mmoja tu. Wenzake hawajatoka."

Nahashon alisogea karibu zaidi. Alikuwa amepiga magoti kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Moez, huko Unionville, pembeni mwa Toronto, mbele ya friji bovu ambalo Moez aliligeuza kiangulio. Magoti yalimuuma. Hakuyasikia.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, mambo ni haya. Nahashon alinunua chatu jike, chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayefugwa majumbani na kujikunja kama mpira. Kwa nje alikuwa wa kahawia kama wengine wote. Lakini hakununuliwa kwa sura yake. Alinunuliwa kwa neno la muuzaji, kwamba ndani yake imejificha damu ya mabaka meupe. Mkutanishe na dume la mabaka, watu wa biashara hiyo wakasema, na karibu nusu ya watoto watatoka wameng'aa, kama chungu kilichomwagikiwa maziwa. Mtoto mmoja wa aina hiyo alikuwa na bei ya kumnyima mtu usingizi.

Naye Nahashon alinyimwa usingizi, akaenda benki, akatoa karo za mkewe.

Mkewe huyo, Kwamboka, alikuwa muuguzi kamili kule Kisii, mwenye kofia nyeupe na sauti ya kuamrisha. Toronto anaosha wazee, kwa kuwa vyeti vyake havihesabiki mpaka arudi darasani. "Nipe muda kidogo tu, Mama Moraa," Nahashon alimwambia. "Nyoka atakulipia karo, na chenji itabaki." Muda ule ulikuwa umekwisha. Septemba hii Kwamboka alipaswa kuingia chuoni, na njia ya kuingilia ilikuwa ndani ya mayai haya.

Moez alichukua mkasi wa kucha. Akapasua yai la pili taratibu, kama anayefungua bahasha ya mtu mwingine.

Kahawia.

La tatu. Kahawia. La nne, Moez alitanguliza dua kidogo kwa kunong'ona. Kahawia vilevile.

Yalipokwisha mayai yote sita, kulikuwa na vichwa sita vya kahawia vikiwatazama, vimetoa ndimi kama wanaodhihaki.

"Ni bahati mbaya tu," Moez alisema. "Ni kama mtu anayezaa wasichana watupu."

"Mimi nina msichana, na sijawahi kulia kwa ajili hiyo."

"Natoa mfano tu, ndugu yangu."

"Dume lako ni la mabaka?"

"Si unamwona pale?"

"Basi aliyekosa damu ni jike." Nahashon aliinuka, akapangusa magoti. "Niletee ng'ombe wangu nimwone."

Moez alishtuka. Si kwa neno ng'ombe, maana neno hilo walilizoea wote wawili. Alishtuka kwa neno nimwone.

Kwao Nahashon kuna desturi ya zamani. Mtu huweka ng'ombe wake katika boma la rafiki, mbali na macho ya wivu. Anayechunga hunywa maziwa, ndama hugawanywa, na ng'ombe hubaki kuwa wa mwenyewe. Haiandikwi popote. Na mwenye ng'ombe hapiti kila wiki kumkagua, maana kumkagua ng'ombe wako kwa rafiki ni kumwambia usoni: mwizi wewe. Babu yake Nahashon aliweka fahali kwa rafiki, akafa kabla ya kumwona tena, na fahali akarudi nyumbani siku ya matanga, amenenepa.

Kwamboka alipoapa kwamba nyoka hatalala chini ya paa moja naye, Nahashon alimleta kwa Moez. Alipoanza kumweleza desturi, Moez alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe ndiye wa kunieleza mimi? Baba yangu Rahemtulla aliweka ng'ombe watatu kwa babu yako! Nani kati yetu alipigwa na babu yako kwa kumkamulia paka maziwa?"

Kweli, alikuwa Moez. Mtoto wa duka la vitambaa pale Kisii, aliyejua kutukana Kikisii kabla ya kujua kusalimu. Rafiki wa namna hiyo hakaguliwi droo zake. Nahashon alimkabidhi chatu, akamwonyesha alama shingoni, upande wa kushoto, doa jeusi lenye umbo la tundu la ufunguo. Kisha hakumwangalia tena. Alipokuja, alikunywa chai, akauliza "Hajambo?" akajibiwa "Hajambo," akaenda zake.

Leo ndiyo siku ya kwanza kusema nimwone.

"Amechoka," Moez alisema. "Ametaga, hataki kushikwashikwa."

"Sitamshika. Nitamtazama."

Moez alizisogelea rafu za plastiki, droo juu ya droo kama kabati la duka la dawa. Akavuta moja. Ndani alikuwa chatu mwenye michirizi myembamba kama utando wa buibui, mzuri wa kutia kwenye fremu. Lakini kichwa chake kilikuwa kinayumba. Kiliinuka, kikapinduka, kikatazama dari, kikarudi upande, kama cha mlevi anayetafuta tundu la mlango.

"Huyu si wangu."

"Nimekosea droo."

"Ana nini huyu?"

"Ndivyo walivyo wa rangi hii. Uzuri na huo mtikiso huja pamoja, huwezi kuvitenganisha. Hata akiwekewa panya mbele ya pua, anamkosa. Ndiye niliyemnunua ghali kuliko wote."

"Kwa hiyo ulilipia ugonjwa."

"Nililipia rangi."

"Moez, fungua droo yangu."

Ikafunguliwa.

Nahashon aliinama. Akatazama shingo upande wa kushoto. Hakukuwa na ufunguo, wala tundu lake. Akafuata mwili kwa macho mpaka mwisho.

Mkia ulikuwa umekatika. Kipande kidogo tu, butu, kama kidole kilichobanwa na mlango zamani.

Mkia huo aliujua!

Baridi ilipokuwa inaanza kulegea, kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege ambako hufanya kazi, kreti lilifika kutoka Accra na mfuko mmoja ndani yake ulikuwa umepasuka. Chatu akatambaa sakafuni. Wapakiaji wote walipanda juu ya mizigo, mmoja Mpolandi mkubwa kama mlango akawa anaita mama yake. Ni Nahashon peke yake aliyevua koti, akamfunika, akamrudisha. Alimwona mkia butu na kupe mmoja kooni. Alimwona tumbo lililojaa. "Karibu Kanada, dada," alimwambia kwa mzaha, na wenzake wakamshangilia kwa wiki nzima.

Alikuwa wa porini. Alikamatwa shimoni, akatiwa kwenye kreti pamoja na wenzake wengi, wa kuuzwa kwa bei ya jozi ya viatu vya mvua.

Nahashon alinyooka.

"Huyu," alisema polepole, "mimi ndiye niliyemkaribisha nchi hii."

Moez akarudi nyuma hatua moja.

"Alishuka kwenye ndege na mimba yake tayari. Hata hilo dume lako halihusiki. Umeniweka magotini hapa nikichungulia mayai ya nyoka wa msituni! Yuko wapi wangu? Umemuuza?"

"Sikumuuza."

"Amekufa?"

"Hakufa."

"Babu yangu aliwachunga ng'ombe watatu wa baba yako mwaka wa ukame, wakarudi watano!"

"Najua! Nahashon, naapa kwa Mungu..."

"Mwambie, Moez."

Sauti ilitoka kwenye ngazi. Alikuwa Mama Zohra, mama yake Moez, ameshika reli kwa mkono mmoja na shali kwa mkono mwingine. Alizaliwa Kisii, akazaa Kisii, na ndiye aliyekuwa akimpa Nahashon mdogo kipande cha mkate wenye jemu kupitia dirisha la nyuma la duka. Nahashon hakuwahi kumwita jina lingine ila Mama.

"Mwambie," bibi alirudia. "Mimi sikulea mtoto wa kumficha ndugu yake."

Moez alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Ghafla alionekana mzee.

"Mwenyewe alikuja kumchukua," akasema.

"Mwenyewe ni mimi."

"Mwenyewe ni wewe na nyumba yako. Si ndiyo desturi? Mume akiwa safarini, mke akija bomani kumtaka ng'ombe, mchungaji atamwuliza maswali?"

Nahashon akaegemea rafu za droo.

"Kwamboka?"

"Alikuja majira ya baridi. Mimi nilikuwa nimekwenda jamatkhana kwenye sala, nilirudi nikakuta droo tupu. Mama alikuwa amemwona, nikampigia simu. Alilia, Nahashon. Akaniomba nisimwaibishe kwako, mpaka yeye mwenyewe atakapokwambia. Nikanunua huyu wa bei rahisi, nikamweka, ili ukichungulia usikute droo tupu. Ningejuaje kwamba atataga? Na alipotaga, na wewe ukaja mbio na furaha yote ile..." Moez akafunika uso. "Nilishindwa pa kuanzia."

"Kwamboka hawezi kumtazama nyoka hata kwenye gazeti."

"Alikuja na ule mfuko wake wa chakula, wa kwenda nao kazini."

"Siku gani?"

"Ijumaa."

"Saa za kazi?"

"Jioni. Ndipo mimi huenda jamatkhana."

Hapo ndipo Nahashon alipopoteza tumaini kwamba huu ulikuwa uongo. Mtu anayetunga uongo hatungi Ijumaa jioni. Wao ni Wasabato. Jua la Ijumaa likitua, Kwamboka haoshi hata kikombe. Majira ya baridi jua la Toronto hutua mapema, kabla watu hawajatoka kazini. Mkewe alikuwa amevunja Sabato ya Bwana kwa ajili ya nyoka, akarudi nyumbani, akaimba nyimbo za jioni karibu naye.

Alipanda ngazi bila kuaga. Juu, Mama Zohra alimshika mkono, akamvuta mpaka mlangoni pa chumba chake. Akaingia mwenyewe, akauegesha mlango nyuma yake, akatoka na pakiti ya chevdo, vile vitafunio vikavu vya Kihindi.

"Mpelekee Moraa. Na usimpige mkeo."

"Sijawahi kumpiga, Mama."

"Basi usianze leo." Joto la chumba lilitoka kupitia ule mwanya likampiga Nahashon usoni. Ndani aliona wekundu wa hita ya umeme.

"Mwezi wa sita, Mama? Watu nje wamevaa kaptula."

"Mifupa ya Kisii, mwanangu. Haijawahi kuizoea nchi hii." Akavuta shali. "Anayechunga hunywa maziwa. Hiyo ndiyo desturi yenu. Moez hakunywa hata tone. Msamehe."

Nahashon alimbusu kwenye paji la uso, akatoka machozi yakimlengalenga. Angalau yuko mmoja, alijiambia. Angalau yuko mmoja katika mji huu anayesema kweli.

* * *

Alishuka na Markham Road akiendesha kama mgeni wa barabara. Magari yalimpigia honi. Alipofika nyumbani kwake Malvern, jikoni kulikuwa na harufu ya chinsaga, mboga chungu ya kwao, na Kwamboka alikuwa amesimama kwenye sinki akichambua majani, redio ikiimba kwa chini.

"Mayai yamepasuka," Nahashon alisema.

Mikono ya Kwamboka ikatulia.

"Ya kahawia yote. Ya nyoka wa Accra. Wangu alitembea Ijumaa moja jioni, ndani ya mfuko wa chakula."

Kwamboka alifunga bomba. Akajifuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. Hakukana. Nahashon alikuwa amejiandaa kumsikia akikana, na hilo lilimyumbisha.

"Keti, Baba Moraa."

"Nitasimama."

"Basi simama. Ndiyo. Nilimchukua, nikamuuza kwa Murithi."

Murithi walimjua wote, Mmeru wa mtaa wa pili, mtu wa kompyuta siku za kazi na mtu wa nyoka Jumapili, mwenye meza yake kwenye maonyesho ya wanyama watambaao.

"Umemuuza ng'ombe wangu?"

"Usimwite ng'ombe! Ng'ombe hukamuliwa. Ng'ombe akifa utamla. Yule mdudu ungemla?"

"Ningeuza watoto wake!"

"Kwa nani? Nilimwuliza Murithi swali moja tu. Nikamwambia, ndugu, wewe ni mtu wa biashara hii, niambie kweli, mnyama huyu ana thamani gani? Unajua alinijibu nini?"

"Alisema nini?"

"Akasema, ana thamani ya mjinga anayefuata."

Nahashon alitafuta kiti kwa mkono. Akakipata.

"Akaniambia, dada, hao wa mabaka zamani ulimuuza mmoja ukanunua gari. Kisha wakawa bei ya pikipiki. Sasa wanakwenda kwenye bei ya baiskeli. Kwa sababu kila anayenunua anazalisha, na kila anayezalisha anauza. Si dhahabu inayopungua ardhini. Hawa wanataga! Akasema kama ninaye, nimuuze sasa, maana hata yeye ananunua kwa kuwa ana mteja tayari, hanunui kwa kuweka."

"Na hukuniambia."

"Wewe ulipotoa karo zangu, uliniambia?"

"Nilikwambia jioni ile ile!"

"Ulinitangazia. Kutangaziwa si kuulizwa."

"Ziko wapi hizo pesa?" Nahashon aliuliza.

Kwamboka alitazama dirishani.

"Ziko chuoni. Niko darasani tangu Januari ipite. Ninamaliza muhula wa kwanza."

"Januari? Lakini jioni zote uko kazini. Zile zamu za..."

Aliona jioni zile zote zikipita mbele yake, moja baada ya nyingine. Yeye alikuwa akirudi kutoka kazini Malton amebadilisha mabasi kwenye baridi, gari amemwachia mkewe, anampikia, anamfunikia sahani, anaiweka kwenye maikrowevu, anaandika kwenye karatasi ya juu: pole na zamu.

"Nilikuwa nakuachia chakula," alisema.

"Nilikila."

"Nakuandikia pole."

"Nilisoma." Macho ya Kwamboka yalijaa. "Kila siku nilisoma. Unadhani ilikuwa rahisi? Lakini ningekungoja wewe na mayai yako, Septemba ingefika, tungekuwa na nyoka sita wa kahawia na mimi naosha miguu ya wazee mpaka nami nioshwe."

Hili ndilo lililomuuma Nahashon kuliko yote. Rafiki amemdanganya, mke amemdanganya, na bado kila aliyemdanganya alikuwa na sababu nzuri kuliko yake ya kukasirika. Mtu aliyesalitiwa angalau hupewa haki ya kuwa upande wa kweli. Yeye hata hiyo alinyang'anywa.

"Ijumaa," alinong'ona. "Sabato, Mama Moraa."

"Nimetubu. Kwa Mungu. Kwako ndiyo nilikuwa bado."

Akanyoosha mkono juu ya meza. Mkono wa Nahashon ulikaa pale ulipo. Kisha, kidogo, ukasogea. Upana wa kidole. Labda ungesogea zaidi.

Mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Dada Kwamboka! Najua upo, naisikia redio!"

Alikuwa Murithi. Aliingia bila kuvua viatu, jambo ambalo mtu yeyote wa Toronto hufanya tu nyumba ikiwaka moto. Mkononi alikuwa na foronya ya mto iliyofungwa fundo, na foronya ilikuwa inajongea yenyewe. Kwamboka alipiga yowe, akapanda juu ya kiti.

"Mimi ni Mmethodisti, wewe ni Msabato," Murithi alisema akihema. "Lakini tunasoma Biblia moja, sivyo? Amri ya nane iko kwako pia?"

"Murithi, shusha sauti," Nahashon alisema. "Kuna nini?"

"Muulize mkeo! Aliniuzia jike mbeba damu. Nikamtilia dume langu safi la mabaka, mwenye nasaba inayojulikana. Ametaga, mayai yamepasuka Alhamisi. Unataka kujua rangi?"

Hakuna aliyetaka kujua. Kila mtu alikwisha kujua.

"Kahawia!" Murithi alipiga kelele. "Wote! Nilikuwa nimeshamwahidi mteja. Nimekula aibu mbele ya meza yangu mwenyewe, Wazungu wananicheka. Mchukueni nyoka wenu, mnirudishie pesa zangu. Leo!"

"Ziko chuoni," Kwamboka alisema kutoka juu ya kiti, na midomo yake ilikuwa imekauka. "Hawarudishi. Muhula unakwisha."

"Hilo mtaelewana na chuo. Mimi kesho naenda kwa mkuu wa chuo hicho, nimweleze muuguzi wake anavyolipa karo. Tuone kama watampa sindano ya kumchoma mtu!"

Kwamboka alishuka kwenye kiti kama aliyekatwa nyuzi. Nafasi aliyoivunjia Sabato, nafasi aliyoidanganyia ndoa yake, ilikuwa inaondoka mlangoni na Mmeru mwenye foronya.

Na Nahashon, msomaji, alishangaa kuona kwamba hasira yake kwa mkewe imekwenda. Iliyobaki ilikuwa ya mwanamume anayeona mtu mwingine akimtisha mke wake jikoni mwake.

"Niletee huyo nyoka hapa," alisema.

"Wa nini? Ni wako huyu, unamjua."

"Mfungue."

Murithi alifungua fundo, akageuza foronya juu ya meza. Chatu akaanguka taratibu, akajikunja kati ya bakuli la chinsaga na pakiti ya chevdo. Jike zuri, nono, la kahawia.

Nahashon aliinama. Akatazama shingo, upande wa kushoto.

Akamgeuza. Akatazama upande wa kulia, kwa ajili ya haki tu.

"Huyu si wangu," alisema.

"Unanichezea!"

"Wangu ana tundu la ufunguo shingoni. Huyu hana. Murithi, hukuuziwa nyoka wangu. Huyu sijawahi kumwona maishani."

"Mimi nilikupa aliyetoka kwenye droo ile!" Kwamboka alimlilia Murithi. "Sikumbadilisha! Ningembadilishaje? Mimi hata kumgusa sikumgusa, wala sikumtazama!"

Nahashon alimgeukia polepole.

"Hukumgusa?"

"Nilifumba macho. Nilishika mfuko wazi tu."

"Na Moez alikuwa jamatkhana."

"Ndiyo."

"Basi nani aliyefungua droo? Nani alimtia mfukoni?"

Kwamboka alitazama nyoka aliyekuwa mezani, kisha pakiti ya chevdo kando yake, na Nahashon aliona rangi ikimtoka usoni.

"Mama Zohra," alisema. "Alimshika kama anakunja kitambaa cha dukani. Akaniambia nisimfungue njiani, atapata baridi."

Nahashon alisikia tena lile joto likimpiga usoni mlangoni mwa bibi, akauona tena ule wekundu ndani. Akaisikia ile sauti iliyomlisha mkate wenye jemu: anayechunga hunywa maziwa.

Mifupa ya Kisii, alisema. Lakini Kisii ni nchi ya baridi. Asubuhi za Kisii watu huvaa sweta mpaka jua lipande. Mtu aliyezaliwa Kisii hahitaji hita mwezi wa sita.

Anayeihitaji ni chatu, mwenye tundu la ufunguo shingoni, aliyelalia mayai.